Video zetu za 4K zinagandaganda kwenye TV ya sebuleni: tatizo ni waifai, TV au faili zenyewe?

#1 Mdau wa Tabata
Wakuu, habari za jioni.

Nina video nyingi za familia: harusi ya mdogo wangu, bibi akisimulia walivyoshuka kutoka Upare kwenda kuishi Tanga, watoto tangu wakiwa wachanga. Nimezikusanya kwenye kompyuta ya mezani iliyo chumbani, nimeweka Jellyfin (programu ya kurusha video zako kwenda vifaa vingine vya nyumbani). TV ya inchi 55 iko sebuleni. Ruta ni ile tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti, iko koridoni.

Za 1080p zinacheza bila shida. Za 4K zinakwenda sekunde kadhaa, duara linazunguka, zinaendelea kidogo, zinasimama tena. Nyingine picha inaganda huku sauti inaendelea. Ukoo mzima unakuja kwetu sikukuu na nataka watazame kwenye TV, si kupokezana simu.

Kinachonichanganya: YouTube ya 4K kwenye TV hiyohiyo, waifai hiyohiyo, haigandi hata kidogo. Sasa tatizo liko wapi?

#2 Kisauti
Bando hilo mkuu. Una Mbps (megabiti kwa sekunde) ngapi? Panda kifurushi, 4K inakula sana.

#3 Fundi Nyaya
#2 hapana kaka. Video inatoka chumbani inakwenda kwenye ruta, halafu sebuleni. Haivuki ukuta wa nyumba. Hata kifurushi kikiisha usiku huu, njia hiyo ya ndani inabaki vilevile. Zile tovuti za kupima kasi nazo zinapima safari ya kwenda nje, hazikwambii lolote kuhusu chumba na sebule.

Mdau, YouTube inakudanganya kwa sababu moja: wao wana nakala nyingi za video ileile, kubwa na ndogo. TV inaomba inayotosha njia iliyopo, njia ikisongwa inashushiwa ndogo kimyakimya na wewe huoni. Tena nakala zenyewe zimebanwa sana. Netflix wanashauri Mbps 15 tu kwa 4K. Faili yako ya nyumbani haina nakala ndogo. Ipo kama kamera ilivyoiandika.

Piga hesabu. Kwa maelezo ya Apple wenyewe, dakika moja ya 4K ya fremu 30 kwa HEVC (mbinu mpya ya kubana video, ndiyo H.265) ni karibu MB 170, na ya fremu 60 ni karibu MB 400. Zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde 60: unapata kama Mbps 23 na Mbps 53. Sasa njoo kwenye kamera za harusi. Sony nyingi zinarekodi 4K ya XAVC S (muundo wa Sony wenyewe) kwa Mbps 100. Hiyo ni MB 750 kwa dakika. Unataka kupitisha maji ya bomba la inchi mbili kwenye bomba la nusu inchi.

#4 Bint Mvita
Fundi kaeleza vyema. Naongeza swali moja ambalo watu hulisahau: hiyo kompyuta yenyewe imeunganishwa kwa waya ama kwa waifai?

Kama kompyuta na TV zote ziko kwenye waifai ya ruta moja, kila kipande cha video husafiri hewani mara mbili: kompyuta kwenda ruta, kisha ruta kwenda TV. Na hewa ni ileile, hawawezi kusema wote kwa wakati mmoja. Kasi uionayo kwenye simu igawe kwa mbili.

Na useme TV iko kwenye 2.4 GHz ama 5 GHz, zile bendi mbili za waifai.

#5 Kipanga wa Ilala
Mnamzungusha bure. Chomeka fleshi nyuma ya TV, mambo yaishe.

#6 Fundi Nyaya
Kipanga, fleshi nyingi zinakuja zikiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Video ya Mbps 100 inafika hapo ndani ya dakika sita hivi. Aipange upya iwe exFAT kwanza, na ahakikishe TV yake inaisoma.

Ila kama kipimo nakuunga mkono. Faili ikiganda hata kwenye fleshi, waifai imeshaachiwa huru kwenye kesi hii.

#7 Mdau wa Tabata
Asanteni. Majibu: kompyuta iko kwenye waifai kwa kile kidude kidogo cha USB. Ruta ina majina mawili, la 2.4 na la 5. TV iko kwenye 2.4 kwa sababu 5 inafika sebuleni ikiwa dhaifu. Pia kuna kikuza mawimbi karibu na jikoni, nadhani TV inashika kile.

#8 Fundi Nyaya
Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Kikuza mawimbi chenye redio moja kinapokea na kurudisha kwenye chaneli ileile, kwa hiyo nusu nyingine ya kasi inaondoka. Sasa safari ni kompyuta, ruta, kikuza, TV. Mara tatu hewani, tena kwenye 2.4 ambayo hapo Tabata kila jirani anaitumia. 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Weka na maikrowevu ya jikoni inayopiga humohumo.

Zima kikuza. Vuta waya kutoka kompyuta hadi ruta, na wa pili kutoka ruta hadi TV. Uzi ufungwe.

#9 Mtoto wa Malindi Unguja
Ndugu zangu, msisahau kuta. Huku Mji Mkongwe nyumba yetu kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiweka mkono hadi kiwiko hautokei upande wa pili. 5 GHz haivuki chumba kimoja. Nilipoisogeza ruta ikaonana na TV kupitia mlango, mambo yalibadilika bila kununua chochote. Mdau ajaribu hilo kabla ya kutoboa ukuta.

#10 Chuma cha Pua
Fundi, uzi usifungwe bado. Umemwambia avute waya hadi kwenye TV bila kumwambia tundu la waya la TV lina kasi gani.

TV nyingi za maduka yetu, hata za bei kubwa, zina tundu la 100 Mbps. Watu wanadhani waya siku zote ni bora. Waifai nzuri ya 5 GHz chumba kimoja na ruta inapita hapo kwa mbali. Na hiyo 100 ya kwenye karatasi, ukipima kweli unapata kama 94. Faili ya harusi ni Mbps 100 kabla hujaongeza sauti. Haiwezi kupita. Atavuta waya, atapaka rangi ukuta, na duara litazunguka vilevile.

#11 Fundi Nyaya
Nakubali kuhusu tundu. Sikubali kwamba aache waya. 94 isiyoyumba inashinda 200 inayoshuka hadi 30 kila mtu akifungua simu. Video za simu za fremu 60 ni 53, zinapita kwenye waya kwa raha. Zinazokwama ni za kamera peke yake.

#12 Chuma cha Pua
Na hizo za kamera ndizo anazotaka ukoo uone.

#13 Dada Spea
Naombeni niseme jambo kuhusu huo waya wenyewe, maana nauza vifaa hivi. Mjini kuna waya umeandikwa Cat6 lakini ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni mwepesi, bei yake inavutia, na ukiukunja kwenye kona unakatika ndani bila kuonekana. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Kukiwa na jozi yenye hitilafu, kompyuta na ruta zinaweza kushuka hadi 100 bila kukuarifu. Kwenye Windows fungua hali ya muunganisho usome kama imeandika 1.0 Gbps au 100 Mbps. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya shaba, mrudishie muuzaji.

Na ruta nayo iangalieni. Ruta ndogo za bei nafuu, kwa mfano TL-WR841N, matundu yake ni ya 100 na haina 5 GHz kabisa.

#14 Mzee wa Lenzi
Nimepiga picha za harusi miaka mingi, acheni niwaambie kitu hamjakigusa.

Mdau amesema kuna dalili mbili. Duara kuzunguka ni jambo moja. Picha kuganda huku sauti inaendelea ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni data haijafika. La pili data imefika, mashine inashindwa kuifumbua kwa wakati. Mnazitibu kama ugonjwa mmoja.

Kamera za sasa tunarekodi biti 10 kwa 4:2:2, yaani rangi nyingi zaidi ndani ya faili, ili tupate nafasi ya kusahihisha rangi. Panasonic GH5 inarekodi 4K ya namna hiyo kwa Mbps 150, na ikiwekwa kwenye All-I (kila fremu inabanwa peke yake) inafika 400. TV zimetengenezwa kwa ajili ya sinema na matangazo, ambavyo ni 4:2:0, yenye rangi chache zaidi. H.264 (mbinu ya kubana video iliyotangulia H.265) ya 4:2:2 biti 10 TV nyingi haziifungui kabisa. Hata uiwekee waya wa dhahabu.

Jingine ni sauti. Sony wanaandika sauti ya LPCM (isiyobanwa) ndani ya MP4, na TV nyingi haziielewi ikiwa humo. Mdau, mpigapicha alikupa video iliyohaririwa au alikumwagia malighafi yote?

#15 Mdau wa Tabata
Mzee, alinipa zote. Iliyohaririwa ya dakika 40 na diski yenye vipande vyote. Familia inapenda vile vipande kwa sababu mle ndimo wajomba wanaonekana wakicheza.

#16 Kipanga wa Ilala
Wajomba wakikatwa kwenye video iliyohaririwa lazima malighafi itafutwe. Kwetu pia 😂

#17 Mzee wa Lenzi
Basi iliyohaririwa itacheza, wahariri wengi hutoa H.264 ya kawaida. Vipande ndivyo vitakusumbua.

#18 Msomi wa Seva
Mzee wa Lenzi yuko sahihi nusu. TV isipoifungua faili, Jellyfin haiiachi hivyohivyo, inaibadilisha papo hapo kuwa kitu TV inachokielewa. Kwa hiyo Mdau haoni "haifunguki", anaona kugandaganda, kwa sababu kompyuta inahema. Tatizo ni prosesa.

Mdau, cheza kipande cha harusi, kisha kwenye simu fungua dashibodi ya Jellyfin. Itakwambia kama faili inatumwa kama ilivyo au inabadilishwa, na sababu yake. Tuambie na prosesa ni kizazi gani. Kwa Intel, msaada wa kufungua HEVC ya biti 8 ulikuja kizazi cha 6, wa biti 10 kizazi cha 7. Zile kompyuta za ofisini zilizotumika tunazonunua, nyingi ni kizazi cha 3 na cha 4, kazi yote inaangukia kwenye prosesa tupu.

Angalia pia ubora uliochaguliwa kwenye programu ya TV. Ukiwa umewekewa kikomo cha chini, mfano Mbps 20, seva (hiyo kompyuta yenye Jellyfin) itabadilisha hata faili ambayo TV ingeweza kuicheza yenyewe.

#19 Bint Mvita
Na video za iPhone kuanzia 12 hurekodiwa kwa Dolby Vision, aina ya HDR (mwanga na rangi pana zaidi), usipoizima. TV isiyojua HDR vyema, seva huanza kuzigeuza rangi pia, kazi juu ya kazi. Dalili yake ni nyuso kuonekana zimepauka.

#20 Kisauti
Sawa, intaneti haihusiki. Lakini mbona hamjataja joto? Kompyuta chumbani, Dar, Februari, feni imejaa vumbi. Prosesa ikichemka inapunguza kasi yenyewe. Yangu inacheza vizuri asubuhi, mchana inaanza kukwama. Mtandao ni uleule, faili ni ileile.

#21 Msomi wa Seva
Kisauti hapo umepiga mulemule. Hiyo inaendana na yangu.

#22 Chuma cha Pua
Haijaondoa yangu ya tundu.

#23 Mtu wa Faili
Kuna sababu nyingine. Faili ya MP4 ina faharasa yake, na vifaa vingi vya kurekodi huiandika mwishoni mwa faili. Kichezeshi lazima kiruke hadi mwisho kuisoma ndipo kirudi mwanzo. Ihamishie mbele kwa programu ya ffmpeg, haibadilishi picha wala sauti:

ffmpeg -i asili.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4

#24 Msomi wa Seva
Hiyo inachelewesha kuanza. Haielezi kuganda katikati.

#25 Mtu wa Faili
Kwenye TV yetu nilipoihamisha, kuganda kwa katikati kulipungua pia.

#26 Msomi wa Seva
Ulihamisha faharasa tu, au uliinakili na kwenye diski nyingine?

#27 Mtu wa Faili
Nakala mpya ilikwenda SSD, ndiyo. Lakini amri ni hiyohiyo.

#28 Mdau wa Tabata
Wakuu nimerudi na majibu. Nimezima kikuza, kompyuta nimeivutia waya wa shaba tupu (asante Dada Spea, dirisha linasema 1.0 Gbps), ruta imesogea ikaiona sebule, TV sasa iko 5 GHz.

Video za simu za fremu 30 zinateleza. Za fremu 60 duara linatokea mara mojamoja, hasa watoto wote wakiwa kwenye simu zao. Vipande vya harusi bado. Dashibodi inasema vinabadilishwa, prosesa iko asilimia 100, ni i5 kizazi cha 4. Nilivyoviweka kwenye fleshi ya exFAT, TV imevikataa kabisa, inasema muundo hautambuliki. Za simu kwenye fleshi zinacheza zote nilizoweka.

Ila kuna moja sielewi. Ya bibi, ile ya Tanga. Imerekodiwa kwa simu, 4K fremu 30, faili ya kawaida. Inasimama karibu na dakika ya 11, kila mara palepale, TV ikiwa kwa waya au kwa waifai. Dashibodi inasema inatumwa kama ilivyo, prosesa imelala. Hiyo sijaiweka kwenye fleshi bado.

#29 Mzee wa Lenzi
Vipande vya harusi ulivitambua mwenyewe sasa. Vibadilishe mapema, usiku, badala ya kuiacha seva ihangaike wageni wakiwa wamekaa. Tumia programu ya HandBrake, H.265 ya biti 10, RF (kiwango cha ubora) 20 hivi, sauti AAC. Na kizazi cha 4 kitachukua muda mrefu, usikate tamaa. Malighafi usifute.

#30 Msomi wa Seva
Au abadilishe prosesa, ahifadhi faili moja tu. Kuwa na nakala mbili za kila kitu ni kujaza diski.

#31 Mzee wa Lenzi
Diski zinanunuliwa. Sherehe hairudiwi.

#32 Chuma cha Pua
Au anunue kisanduku chenye tundu la gigabiti na kichezeshi imara, akiwekee Kodi (programu ya kucheza video), asome faili moja kwa moja bila seva kubadilisha chochote. Kuanzia Kodi 21 ukubwa wa akiba unaupanga kwenye mipangilio, huhitaji tena kuandika faili kwa mkono. Ila soma vipimo: visanduku vingi vimeandikwa 4K ubavuni na tundu lake bado ni 100. Na kwa 4:2:2 navyo vingi vitashindwa, hapo Mzee simpingi.

#33 Fundi Nyaya
Kuhusu ya bibi: dakika ya 11 kuna nini kwenye picha?

#34 Mdau wa Tabata
Anatoka barazani anatembea kwenye shamba la minazi, upepo mkali, majani yanacheza.

#35 Fundi Nyaya
Basi ndiyo hiyo. Bitireti ya simu haikai sawa. Akiwa ameketi barazani picha haibadiliki, data ni chache. Majani ya minazi kwenye upepo kila fremu ni mpya, data inapanda juu ya wastani kwa sekunde kadhaa na njia inazidiwa.

#36 Dada Spea
Fundi, amesema hata kwa waya, na za fremu 60 zinapita. Mawimbi ya majani kwenye fremu 30 yatazidi 94? Mimi naogopa diski. Kusimama palepale kila mara ni sehemu ya diski isiyosomeka vizuri. Mdau, diski yenyewe ni ya zamani?

#37 Mdau wa Tabata
Eksteno ya zamani, ndiyo. Ilikuwa inasafiri nami kwenye begi.

#38 Dada Spea
Weka CrystalDiskInfo leo, programu ya kupima afya ya diski. Soma mistari ya Reallocated Sectors na Current Pending Sector. Ikiwa si sifuri, acha kuicheza hiyo video na uitoe humo.

#39 Kipanga wa Ilala
Kama kwenye fleshi itacheza vizuri, ni mtandao. Isipocheza, ni faili. Rahisi tu.

#40 Bint Mvita
Si rahisi hivyo, kaka. Ikinakilika hadi kwenye fleshi huenda diski imefanikiwa kusoma baada ya kujaribu na kujaribu. Itacheza vizuri kwenye fleshi na diski bado ni mbovu.

#41 Mdau wa Tabata
Pending Sector si sifuri. Nimeanza kunakili, imeenda kasi mwanzoni, sasa imeshuka hadi KB chache kwa sekunde.

#42 Msomi wa Seva
Fleshi za bei nafuu hufanya hivyo pia, akiba yake ikijaa kasi inaporomoka. Hiyo peke yake haithibitishi diski. Nakili kwenda diski ya ndani uone.

#43 Dada Spea
Msomi, sasa si wakati wa kuthibitisha! Mdau, simamisha kunakili kwa kawaida, kila jaribio linaichosha zaidi. Washa kompyuta kwa Linux ya kwenye fleshi, tumia ddrescue: inachukua kwanza sehemu nzima zote, zile ngumu inazirudia mwishoni. Simu iliyorekodi ipo bado? Na kuna mtu yeyote wa familia aliyetumiwa hiyo video ya bibi?

#44 Mdau wa Tabata
Nimesimamisha. Simu iliuzwa. Shangazi aliye Muheza alitumiwa kwa WhatsApp, ila ile imebanwa, na ni kipande tu. Napakua Linux sasa hivi.

#45 Fundi Nyaya
Chukua hata hicho cha shangazi leo usiku, kiweke pembeni. Mwambie akutumie kama dokumenti, isibanwe mara ya pili.

#46 Mgeni wa Kahama
Samahani wakuu, nimesoma uzi wote. Yangu 4K inaganda usiku tu, saa mbili hadi saa nne, kompyuta na TV zote ziko kwenye waya, matundu ya gigabiti, faili za simu. Huku umeme muda huo unakuwa mdogo, taa zinafifia. Inaweza kuwa ruta inakosa nguvu?

#47 Kisauti
Inaweza. Adapta ya ruta ni ya volti ngapi, na kuna nini kingine kwenye soketi hiyo?